Nilichokisema Nandagala

Nachingwea, alasiri

Mwanangu Somoe,

Sanduku lako limekwisha fungwa kwa kamba, na mama yako ameshakuagiza kila kinachoagizika: usiazime kanga ya mtu, usilale na nywele mbichi, usile chakula ambacho humjui mpishi wake. Mimi sina la kuongeza juu ya sabuni wala viatu. Barua hii ni ya jambo lingine, na nimeianza mapema kwa sababu najijua. Nikingoja kesho nikuambie kwa mdomo kando ya lori, nitakuuliza kama umekula, nawe utasema umekula, na lori litaondoka.

Kwanza habari za leo, maana ulikuwa umekwenda kuwaaga wenzako. Baba yako mdogo amekuja kutoka Kiegei kwa baiskeli, jasho mpaka kwenye kofia, kuniambia kwamba mtoto wa kike hawezi kupelekwa Dar es Salaam kujifunza kupima mikojo ya wanaume. Ukoo utaaibika, amesema. Nimemwacha amalize, nikamwongezea chai. Kisha nikamwambia mikojo nimeipima zaidi ya miaka kumi, na ukoo huu uliaibishwa na ulimi wangu, si na mikojo. Utakwenda, nikamwambia, hata kama nitabaki sina ndugu wa kunizika. Hakuelewa habari ya ulimi mpaka nilipomfafanulia. Wewe utaielewa ukifika mwisho.

Kazi hii niliipata kwa bahati. Mwaka ule matrekta yalikuwa bado yanang'oa miti ili wazungu wapate kulima karanga zao, nami nilikuja nikidhani nitapewa kazi ya visiki. Nikapelekwa hospitalini kuosha chupa. Dresa aliyekuwa akipima damu alipenda mazungumzo, akanionyesha namna ya kupaka tone la damu kwenye kioo, kulikausha, kulitia rangi na kulitazama kwa darubini. Siku nilipowaona kwa macho yangu wadudu wa malaria ndani ya damu ya mtu, sikulala. Baada ya miezi kadhaa nilikuwa hodari kuliko mwalimu wangu. Kuhesabu chembe nyeupe nilibuni njia yangu mwenyewe: vifuniko vitano vya makopo mezani na punje za mbaazi mkononi, kila aina ya chembe na kifuniko chake, mpaka zitimie mia. Unazikumbuka mbaazi zile. Ulizichezea siku moja ukanivurugia hesabu, nikakufukuza.

Watu wakaanza kuniita Bwana Darubini. Nilijifanya silipendi jina hilo, na kumbe nilikuwa nalipenda mno. Nikifika kijijini mtu akaanza kunieleza homa yake, namkatiza katikati, namwambia atulie, nitaona mwenyewe kwenye damu. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba mgonjwa husema uongo na damu husema kweli. Mengine yote nitakayokuambia yametoka hapo.

Mdogo wako Abdala alizaliwa Nandagala, kwa mjomba wako Saidi, kwa vile mama yako alikwenda kujifungulia kwao. Wewe ulikuwa na miaka saba. Mama yako alitokwa damu nyingi kupita kiasi. Wakunga walimaliza kanga zote za nyumba ile, wakaingia kwenye magunia. Nilipofika kwa baiskeli siku ya pili nilimkuta hai, midomo imekuwa myeupe, ananitazama. Nikamshukuru Mungu, nikarudi kazini.

Maziwa hayakuja. Siku ya tatu hayakuja, siku ya saba hayakuja, kifua kimelala kama cha mtu ambaye hajazaa. Wakampa uji wa karanga, wakampa supu ya kuku, wakampa majani ya kuchemsha, wapi. Mtoto akalishwa uji mwembamba wa mtama, tumbo likaharibika, na kabla hajatimiza siku arobaini tukamzika. Nilimbeba mwenyewe kwenda naye makaburini. Alikuwa mwepesi, Somoe, mpaka leo mikono yangu inaukumbuka wepesi ule.

Bibi yako, mama yangu mimi, ndiye aliyelitamka kwanza. Alisema, "Ntoto huyu kabemendwa."

Unalijua neno hilo na kazi yake. Maana yake mama ametoka nje ya ndoa naye bado ana mtoto wa kunyonyesha, maziwa yakaharibika, na mtoto akanyauka kwa dhambi ya mama. Basi fikiri. Mtu ambaye alikuwa hawezi kwenda chooni bila kushikwa mkono ndiye aliyesemwa kwamba alitoka usiku kwenda kwa mwanamume. Na sisi sote, watu wazima wenye akili zetu, tukaketi kitako kulijadili jambo hilo.

Kikao kilifanyika barazani kwa mjomba wako. Sasa nakuambia usilolijua. Umekua ukisikia kwamba ukoo ndio uliomhukumu mama yako. Si kweli. Mjomba Saidi hakutaka kumhukumu dada yake. Alikuwa anatafuta mlango wa kumtolea, na mlango wenyewe ulikuwa mimi. Wiki moja kabla nilikuwa nimemtoboa mama yako kidole, nikapaka damu yake kwenye vioo, nikavipeleka Nachingwea kuvitazama. Mjomba wako alilijua hilo. Akanigeukia mbele ya watu wote, akasema taratibu, "Shemeji, wewe ndiye unayetazama damu za watu. Tuambie, dada yangu ana ugonjwa?"

Nikasema, "Damu yake haina ugonjwa."

Maneno manne tu. Mjomba wako akainamisha uso. Mama yako alikuwa ameegemea ukuta, amejifunika kaniki, na alinitazama machoni mpaka mimi ndiye niliyeangalia pembeni. Hakulia. Mwezi uleule nikampa talaka moja, nikaiandika kwa mwandiko wangu mzuri wa hospitalini.

Najua unasoma hapa umekaza taya, ndivyo ulivyo. Usome tu. Nimelificha miaka tisa na sitaki ulisikie kesho kabla hujalisikia kwangu.

Nikuambie nilichokiona kwenye vioo vile, kwa sababu sasa hii ni kazi yako pia. Malaria hapakuwa nayo. Damu ilikuwa pungufu, jambo la kawaida kwa aliyemwaga damu kiasi kile. Na zile chembe nyeupe zenye punje za rangi ya chungwa, ambazo kwa mtu mzima mwenye afya huwa mbili tatu katika mia, kwake zilikuwa kumi na tano. Nilizidondoshea mbaazi zake kumi na tano kwenye kifuniko, nikasema moyoni: minyoo. Huku kwetu nani hana minyoo? Hata choo chake sikukipima. Kwa hiyo jibu la kweli barazani lilikuwa, "Shemeji, mimi sikuona ugonjwa, lakini kuna kitu nisichokielewa." Kulisema hilo kungenipunguzia jina. Bwana Darubini hasemi haelewi.

Wala nisikudanganye kwamba ulikuwa ujinga mtupu. Niliogopa kuchekwa. Niliogopa wasije wakasema namtetea mke aliyenichezea. Na pembeni kabisa ya moyo wangu, mama yangu alipolitamka neno lile, nililiamini kidogo. Hayo ndiyo maradhi ambayo hakuna aliyenipima.

Miaka sita iliyofuata wewe waijua kuliko mimi, maana ulikaa naye. Ulimwona akiota jua mwezi wa kumi, joto la kukausha kisima, naye amejifunga kaniki na blanketi juu. Ulisikia sauti yake ikizidi kuwa nzito na ya polepole. Wenzake walipalilia ufuta, yeye akifika katikati ya tuta anakaa chini, wakamwita mvivu. Nyusi zikapukutika. Hedhi haikurudi tena tangu uzazi ule, na hilo nalo likawa ushahidi: amekauka kwa laana. Kila dalili ya ugonjwa wake waliigeuza kuwa kosa lake.

Na ile Ramadhani. Nilisimuliwa habari yake na mjomba wako baadaye. Mama yako alianguka kabla ya adhuhuri, jasho jembamba, macho yamegeuka. Ulikuwa na miaka kumi. Ulikimbia ukaleta asali kwenye kibuyu, ukamfungua kinywa kwa kidole, ukamtia. Wanawake wakapiga kelele kwamba mtoto anamfungulisha mama yake mchana kweupe. Ukawaambia waseme wanavyotaka, ukaendelea kutia. Akaamka. Mtoto wa miaka kumi ulikuwa umeshagundua kwamba mama yako akikaa na njaa anaanguka, na akipata kitu kitamu anarudi. Hicho ni kipimo, Somoe. Ulikifanya bila kioo wala rangi.

Ulipokuja kukaa kwangu kwa ajili ya shule uliniambia yote hayo. Nilikujibu nini? Kwamba damu yake nilikwisha ipima. Hukubishana nami. Ulikwenda zako ukakaa kwenye benchi la wagonjwa, na sare yako ya shule, ukamngoja Bwana Mganga mpya, daktari wa hospitali.

Yule alikuwa Mgoa, mtu wa Goa kule India, kijana bado, na Kiswahili chake alikiokota sokoni. Sisi wa chumba cha kupimia tulikuwa tukimcheka kwa tabia moja: kila mwanamke aliyewahi kuzaa alimwuliza, "Maziwa yalikuja?" Awe ameletwa kwa jino, awe amevunjika mkono, lazima aulizwe maziwa. Wewe ulikuwa mtu wa kwanza kumjibu kabla hajauliza. Alikuja kwangu na karatasi mkononi, akasema binti yangu amemletea ugonjwa mzima bila mgonjwa, na sasa anamtaka mgonjwa.

Jioni ile nilikuchapa fimbo tatu kwa kunivunjia heshima kazini. Unakumbuka ulichosema. "Nipige, Baba, lakini mama aletwe." Nimeisikia sauti ile kila siku tangu hapo, na kama kuna jambo moja ningependa ulichukue kutoka nyumba hii, si sanduku, ni sauti ile.

Akaletwa, juu ya lori la korosho, amelala kwenye magunia. Bwana Mganga akaagiza damu yake ihesabiwe. Nikakaa na vifuniko vyangu. Safari hii chembe za rangi ya chungwa zilikuwa kumi na nane. Nikaandika: minyoo. Bwana Mganga akairudisha karatasi, akataka choo kipimwe. Nikapima, hakuna kitu. Nikapima tena siku ya pili, na ya tatu. Hapakuwa na yai hata moja la mnyoo. Akasimama mlangoni kwangu akaniuliza minyoo yenyewe iko wapi. Nadhani elimu yangu ilianza saa ile.

Akanieleza huku amekaa juu ya meza yangu. Chini ya ubongo, alisema, kuna tezi ndogo, ukubwa wake ni punje ya mbaazi. Ndiyo inayotuma vijumbe ndani ya damu, akaviita homoni. Kimoja kinaita maziwa. Kingine kinaleta hedhi. Kingine kinaiamsha tezi ya shingoni, ile inayoutia mwili joto na wepesi. Na kingine kinaziamsha tezi zilizokaa juu ya figo, ambazo homoni yake ikikosekana mtu hastahimili njaa wala homa wala kazi. Wakati wa mimba tezi hiyo ya kichwani hukua na kutaka damu nyingi. Mzazi akimwaga damu kupita kiasi, tezi inakosa damu na kufa, mwenyewe anabaki hai. Maziwa ndiyo ya kwanza kukosekana, ndiyo maana yeye huuliza. Na homoni ya juu ya figo ikipungua, chembe zile za rangi ya chungwa huongezeka. Minyoo huziongeza, na upungufu huo nao huziongeza.

Nilichukua punje moja ya mbaazi kwenye kifuniko changu nikaitazama. Miaka yote nilikuwa nahesabia kwa kitu hichohicho. Damu ya mama yako ilikuwa imesema tangu kikao cha Nandagala, na mimi niliyejisifu kwa kusikiliza damu sikusikia.

Homoni yenyewe hatukuwa na namna ya kuipima, wala sijui kama Dar es Salaam wanayo, utaniandikia. Tuliipima kwa njia ya kuzunguka. Bwana Mganga alisema mtu mwenye afya akinywa maji mengi asubuhi, saa nne hazipiti ila ameyatoa karibu yote. Mwenye upungufu ule yanamkwama mwilini. Basi mama yako akapewa karibu lita moja ya maji ayanywe kwa muda mfupi bila kula, na kila saa atoe mkojo kwenye chupa yake. Tukaonywa kwamba asizidishiwe hata kikombe, maana maji yakimzidi kichwa kitampasuka kwa maumivu na akili itamruka. Mimi nikanywa kiasi kilekile tukiwa tumekaa benchi moja, ili tulinganishe.

Ilikuwa mara ya kwanza kukaa karibu naye tangu talaka. Saa ya kwanza mimi nikaenda. Saa ya pili nikaenda mara mbili, natembea kwa haraka isiyo na heshima. Yeye amekaa palepale, tumbo limejaa, chupa zake zina kidogo cha kuonea haya. Niliporudi mara ya tatu nikiwa nafunga kikoi, nikamwambia, kwa sababu ilinibidi kusema kitu, kwamba leo tutajua. Akanijibu, "Siku ile ulipima damu, Baba Somoe. Mimi hukuniuliza."

Kufika adhuhuri nilimimina chupa zote kwenye bilauri ya kupimia. Zangu zilijaa, nikaongeza ya pili. Zake hazikufika hata robo. Niliandika hesabu ile, na ndiyo karatasi pekee niliyoiandika kwa mwandiko mbaya katika kazi yangu yote. Ninayo mpaka leo.

Ungedhani mtu aliyepigwa na aibu kiasi hicho amekoma. Hapana. Nilifanya kosa la pili, na hili nusura limwue.

Dawa ya homoni ya juu ya figo haikuwepo Nachingwea, ikaagizwa Dar es Salaam. Lakini kabatini kulikuwa na vidonge vya tezi ya shingo, vinavyotengenezwa kwa tezi za kondoo. Bwana Mganga alisema wazi kwamba mama yako navyo anavihitaji, ila vitakuja baadaye, si sasa. Hakusema kwa nini, na mimi sikuuliza. Nilimwona mama yako anatetemeka kwa baridi, nikaona dawa ya joto iko kabatini, nikakumbuka miaka sita. Nikaiba vidonge nikampa, kimoja kila asubuhi, nikimwambia Bwana Mganga ameruhusu. Siku mbili za mwanzo alichangamka, nikajiona nimetubu. Siku ya sita akaanza kutapika, mapigo ya moyo nikiyatafuta mkononi siyapati.

Kumbe vidonge vile huuamsha mwili na kuufanya utumie haraka hata ile homoni kidogo iliyobaki juu ya figo. Nilikuwa nimemhimiza mbio mtu ambaye hana cha kukimbilia. Dawa ilikuwa yake, ila zamu yake ilikuwa haijafika.

Hapo, Somoe, nilisimama mlangoni kwa Bwana Mganga na nilikuwa na nafasi ya kunyamaza kama nilivyonyamaza Nandagala. Angeweza kudhani ni homa. Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyempa vidonge." Hakunitukana. Akakimbia. Akamwekea maji ya chumvi na sukari kwenye mshipa, akatuma gari hospitali ya misheni kuazima sindano ya dawa tuliyokuwa tunaingoja. Baadaye aliniambia kwamba laiti ningechelewa kusema mpaka alfajiri, tungemzika. Kweli ile niliyoificha miaka sita ilimwangamiza, na hii niliyoisema papo hapo ilimponya. Sina kipimo kingine cha faida ya kusema.

Vidonge vyake vilipofika, vya juu ya figo kwanza, vikifuatiwa na vya shingo kwa wakati wake, Bwana Mganga akataka maji yanywewe upya, benchi lilelile. Saa ya kwanza mama yako akainuka. Saa ya pili akainuka akicheka. Ya tatu alinipita njiani akikimbilia chooni akanisukuma bega. Sijaona mahali pengine popote watu wazima wakishangilia mkojo, na Bwana Mganga aliishika ile bilauri juu kuwaonyesha wauguzi. Mwezi wa pili wa dawa mama yako akaliweka blanketi sandukuni. Maziwa na hedhi havikurudi na havitarudi. Hatuna mtoto mwingine ila wewe, na hilo silo la kulilia hapa.

Nilipomtaka turudiane alikubali kwa sharti moja. Hakutaka kanga wala mbuzi. Alitaka nikasimame kwenye baraza ileile ya Nandagala, mbele ya watu walewale, niyafute maneno manne. Nikaapa. Ndoa ikafungwa upya. Hiyo ni miaka mitatu karibu, na sijakwenda.

Nimekuwa na sababu za kila namna. Msimu wa korosho, mvua imekata njia, mjomba wako anaumwa mgongo, bibi yako amezeeka na habari hiyo itamwumiza. Mama yako hajanikumbusha hata mara moja. Ananipikia, ananifulia, na kila Ijumaa wakati wa chai ananitazama ule mtazamo wa ukutani. Bado Nandagala akipita kisimani wanawake hushusha sauti. Wamemwona amepona, wanasema dawa za Kizungu zimemficha. Jina lake halijapona, na dawa ya jina lake ninayo mimi kinywani.

Basi sikiliza. Kesho lori litapita Ruangwa, na mjomba wako ameomba lisimame Nandagala ili wazee wakusomee dua. Mimi na mama yako tutapanda nawe mpaka hapo. Watu wote watakuwepo barazani, na bibi yako ameshapelekwa tangu jana. Wao wanangoja dua. Mimi nitasimama kabla ya dua, na karatasi ya zile chupa mfukoni, niseme kwamba mtoto hakubemendwa, kwamba mama yake alikuwa mgonjwa mbele ya macho yetu, na kwamba mimi niliulizwa nikajibu nisichokijua. Na sitasema kwa kunong'ona. Baba yako mdogo amelisikia hili leo, akaniambia nitakuwa nimemvua nguo mama yangu hadharani. Nikamjibu kwamba mama yako alivuliwa nguo palepale miaka tisa iliyopita na hakuna aliyemletea hata kitambaa. Wakinitenga, wanitenge. Wakisema nimelishwa limbwata, waseme. Nimeishi miaka tisa nikiogopa kuchekwa na watu wale, nimechoka nao.

Wewe simama mahali nitakapokuona. Nikianza kuzunguka, nikianza kusema habari za minyoo na utaalamu, kohoa.

Huko uendako watakufundisha kupima kuliko nilivyojua mimi, na utapenda, kwa sababu ni kazi tamu. Ipende. Ila ulianza kuuliza kabla hujajua kupima, na siku utakapomkatiza mgonjwa maneno yake ili ukimbilie kioo, ujue umefanana nami pale nilipokuwa mbaya. Akija mkubwa wako akasema hakuna ugonjwa, nawe una mtu anayeanguka, kaa kwenye benchi. Hata mkubwa huyo akiwa mimi.

Nimemsomea mama yako barua hii, alitaka kujua nimeandika nini tangu alasiri. Amenisikiliza akichambua mchele, bila kuinua kichwa. Pale kwenye vidonge vya kondoo nilikuwa nimeandika kwamba aliponea chupuchupu. Amenisimamisha. "Futa hapo," amesema. "Andika nilikataa kufa." Nimefuta, ila sikupata pa kuliweka vizuri, basi naliandika hapa: alikataa.

Nikamwuliza kama yameridhisha, hayo nitakayosema kesho. Akasema ni ya kwangu, niyaseme vizuri, kisha nikae chini, kwa sababu naye atasimama, na ana maneno ya miaka tisa. Nimemwambia lori la watu halingoji hivyo.

Amesema alikwisha kumwona dereva tangu asubuhi, na atangoja.

Baba yako,
Bakari